Karel Styblo: daktari aliyetaka kujua mwisho wa kila mgonjwa

Tarehe 24 Machi ya kila mwaka dunia inakumbuka kifua kikuu, kwa sababu ni siku hiyo, mwaka 1882, Robert Koch alipowaonyesha wenzake mjini Berlin kijidudu kinacholeta ugonjwa huu. Jina la Koch watoto wetu wanalisoma shuleni. Jina la Karel Styblo wanalijua zaidi madaktari na wauguzi wa kifua kikuu. Hata hivyo, mgonjwa wa Nyamitaba anayeandikwa katika daftari la kituo cha afya, anayepewa kadi yake, anayemeza dawa mbele ya mtu mwingine na kuombwa makohozi tena mwezi wa pili, wa tano na wa sita, anapita katika njia ambayo Styblo aliitengeneza. Na hakuitengenezea Ulaya. Aliitengenezea Tanzania, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kati ya watu maskini wa vijijini kama sisi.

Hatumleti hapa kama mhubiri. Tunamleta kwa sababu maisha yake yanagusa jambo ambalo Bwana wetu alilifundisha kwa mfano wa mchungaji mwenye kondoo mia moja: huwezi kumtafuta aliyepotea kama hujahesabu, na kuhesabu hakuna maana kama hutaki kwenda kumtafuta.

Kijana aliyegeuzwa kuwa namba

Karel Styblo alizaliwa mwaka 1921 katika Czechoslovakia, nchi changa iliyopatikana baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Alipofika umri wa kuingia chuo kikuu, nchi yake ilikuwa imekaliwa na Wajerumani wa Hitler. Mwezi Novemba 1939 watawala hao walifunga vyuo vikuu vyote vya Kicheki. Kizazi kizima cha vijana kilikuta mlango wa elimu umepigwa kufuli.

Wakati wa vita Styblo alifungwa katika kambi ya Mauthausen, huko Austria. Ilikuwa moja ya kambi mbaya kuliko zote. Wafungwa walichonga mawe katika shimo la migodi, wakapandisha mawe hayo mgongoni kwa ngazi ndefu, wakala chakula kisichotosha, wakalala wamebanana katika mabanda. Njaa, kazi ngumu na msongamano ndivyo vitu ambavyo kifua kikuu hupenda. Styblo aliambukizwa ugonjwa huo kambini.

Katika Mauthausen watu walihesabiwa kila siku. Walisimama mistari asubuhi na jioni, wakati mwingine saa nyingi katika baridi, mpaka hesabu itimie. Kila mfungwa alikuwa na namba, na namba hiyo ilichukua nafasi ya jina lake. Lakini aliyehesabu hakutaka kujua kama mtu huyu ni mgonjwa, kama amekula, kama ataamka kesho. Alitaka tu kujua kwamba hakuna aliyetoroka. Maelfu kwa maelfu walikufa, na daftari likaendelea na namba nyingine. Majeshi ya Marekani yalifungua kambi hiyo mwezi Mei 1945.

Sisi wa Kivu ya Kaskazini tunafahamu kidogo mambo ya namna hiyo. Wengi wetu tumesimama kwenye mstari wa kuandikishwa kambini, tumepewa karatasi yenye namba, tumehesabiwa kwa ajili ya unga na mahema. Kuna kuhesabiwa kunakokusaidia, na kuna kuhesabiwa kunakokufanya ujione kitu. Styblo aliijua ile ya pili kwa mwili wake mwenyewe. Kazi ya maisha yake ilikuwa kutengeneza ile ya kwanza.

Kusoma ugonjwa katika wilaya moja

Baada ya vita Styblo alisoma udaktari mjini Prague, na akachagua kufanya kazi katika ugonjwa uliomshika yeye mwenyewe. Miaka hiyo ilikuwa ya matumaini makubwa. Streptomisini ilikuwa imegunduliwa mwaka 1943, na mwaka 1952 ikapatikana isoniazidi, dawa ya bei nafuu inayoua kijidudu cha kifua kikuu kwa nguvu. Kwa mara ya kwanza katika historia mtu mwenye ugonjwa huu aliweza kupona kabisa kwa dawa. Madaktari wengi wa Ulaya waliamini kwamba kazi iliyobaki ni kumtafuta kila mgonjwa kwa mashine za picha za kifua. Magari yenye mashine hizo yalizunguka miji na vijiji, na watu wazima wote waliitwa kupigwa picha.

Kuanzia mwanzo wa miaka ya 1960, Styblo na wenzake walichunguza jambo hilo katika wilaya ya Kolín, karibu na Prague, yenye watu wapata 100,000. Waliwapiga picha watu wazima wote, wakarudia baada ya miaka, na katikati ya vipindi hivyo waliandika kila mgonjwa mpya aliyejitokeza, na namna alivyopatikana. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia kazi hiyo.

Walichokiona kiliwashangaza wengi. Wagonjwa wanaoambukiza zaidi, yaani wale ambao vijidudu vyao vinaonekana wazi katika makohozi chini ya hadubini, mara nyingi hawakupatikana na lile gari la picha. Ugonjwa wao uliota haraka, kati ya picha moja na nyingine. Walipatikana kwa sababu walikohoa, wakapungua mwili, wakaenda wenyewe kwa daktari.

Maana ya jambo hilo kwa nchi maskini ilikuwa kubwa sana. Kama ni hivyo, basi huhitaji mashine ya bei kubwa kwanza. Unahitaji muuguzi anayemsikiliza mtu anayekohoa muda mrefu, chombo cha kupokelea makohozi, hadubini, na mtu aliyefundishwa kuitazama. Vitu hivyo vinaweza kufika hata mahali ambapo gari la picha haliwezi kupanda.

Hesabu ya maambukizo

Katika miaka ya 1960 Styblo alihamia Uholanzi. Huko, mjini Den Haag, katika nyumba ya shirika la Kiholanzi la kupambana na kifua kikuu, KNCV, kilikuwa kimeanzishwa kituo kidogo cha kimataifa cha utafiti, naye akawa kiongozi wake. Kituo hicho hakikuwa na maabara kubwa wala vitanda vya wagonjwa. Malighafi yake ilikuwa madaftari: hesabu za miaka mingi kutoka nchi mbalimbali, za watoto na vijana waliopimwa ngozi ili kujua kama kijidudu kimewahi kuingia mwilini mwao.

Mwaka 1969, pamoja na wenzake, akiwamo mtaalamu wa hesabu Ian Sutherland wa Uingereza, alitoa kazi iliyobadilisha namna ya kuutazama ugonjwa huu. Badala ya kuhesabu wagonjwa peke yao, waliuliza: katika mwaka mmoja, kati ya watu mia moja ambao hawajaambukizwa, ni wangapi wataambukizwa? Kipimo hicho kinaonyesha kama moto unazimika au unawaka, hata katika nchi ambayo wagonjwa wake wengi hawafiki hospitali.

Kutokana na hesabu hizo, na nyingine zilizofuata, Styblo alieleza mambo ambayo wauguzi wa kifua kikuu wanayataja mpaka leo. Mgonjwa mmoja mwenye vijidudu katika makohozi, asipotibiwa, huambukiza watu kama 10 au zaidi katika mwaka. Na yeye mwenyewe yuko hatarini: kati ya wagonjwa wa namna hiyo wasiopata dawa, karibu nusu hufa ndani ya miaka 5.

Lakini palikuwa na jambo la tatu, nalo ndilo lililomsumbua zaidi. Mgonjwa anayetibiwa nusu nusu anaweza kuwa hatari kuliko asiyetibiwa. Dawa zinamwinua kutoka kitandani, anarudi shambani, sokoni na kanisani, anaishi miaka mingi zaidi, huku bado anakohoa vijidudu, na pengine vijidudu hivyo vimeanza kuzoea dawa. Matibabu mabaya yalipunguza vifo na kuongeza maambukizo. Kwa hiyo nchi inayojivunia kwamba imewagawia dawa wagonjwa 10,000 inaweza kuwa inajidanganya. Ni lazima ijibu pia swali la pili: wangapi wamepona?

Tanzania

Katika miaka ya 1970 swali hilo lilikuwa halijibiwi karibu popote katika Afrika. Matibabu yalidumu mwaka mmoja au mwaka na nusu. Mgonjwa alilazwa mbali na kwao miezi mingi, kama pale Kibong'oto, chini ya mlima Kilimanjaro, au alipewa chupa ya vidonge na kuambiwa arudi mwezi ujao. Baada ya miezi miwili kikohozi kinapungua, nguvu zinarudi, shamba linaita, nauli hakuna. Wengi hawakurudi. Hakuna aliyejua walikokwenda, kwa sababu hakuna aliyekuwa na kazi ya kujua.

Mwaka 1977 Tanzania ilianza mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, na Styblo akawa mshauri wake. Kuanzia 1979 mpaka 1991 alikuwa mkurugenzi wa kazi za kisayansi wa Muungano wa Kimataifa dhidi ya Kifua Kikuu na Magonjwa ya Mapafu, wenye makao yake Paris, na kwa nafasi hiyo alirudi Tanzania mara kwa mara. Mpango haukuwa wake peke yake. Uliongozwa na Watanzania, akiwamo Daktari H. J. Chum aliyeusimamia kwa miaka mingi, na ulibebwa na wauguzi wa zahanati na waratibu wa wilaya waliozunguka kwa pikipiki.

Tanzania ilikuwa maskini, lakini ilikuwa imejenga zahanati vijijini na ilikuwa na amani. Styblo hakutaka kujenga hospitali mpya. Alichukua wilaya yenye watu kama 100,000 au 150,000, akaifanya kuwa kiungo cha kazi yote. Katika kila wilaya pawe na hadubini inayofanya kazi, mtu mmoja anayewajibika, dawa zisizokatika, na daftari.

Tulieleze daftari hilo, kwa maana ndilo kiini cha kazi yake. Kila mgonjwa mpya anaandikwa kwa jina, umri, kijiji, aina ya ugonjwa na tarehe ya kuanza dawa. Mbele ya jina kuna nafasi tupu. Nafasi hiyo haiwezi kubaki tupu. Muda wa matibabu ukiisha, lazima mtu aandike mojawapo ya majibu machache: amepona na makohozi yake yamethibitisha, amemaliza dawa bila kupimwa mwishoni, dawa zimeshindwa, amekufa, ameacha dawa, amehamia wilaya nyingine. Kila miezi mitatu mratibu anajumlisha wale wote walioanza katika robo ileile ya mwaka uliopita, na jumla ya majibu lazima ilingane na jumla ya majina. Waliandikwa 60? Basi tunataka kusikia habari za 60. Huwezi kuwasifu 40 waliopona na kunyamaza juu ya 20 waliobaki.

Pia daftari la wagonjwa linalinganishwa na daftari la maabara. Kama maabara imeona vijidudu katika makohozi ya mtu, na jina lake halimo katika daftari la matibabu, basi kuna mgonjwa aliyetambuliwa na kuachwa arudi nyumbani bila dawa. Inabidi atafutwe.

Ni kazi ya kalamu na karatasi, wala haihitaji umeme. Lakini ilimlazimisha kila muuguzi, kila wilaya na hatimaye taifa zima kusema ukweli kila baada ya miezi mitatu.

Dawa kali kwa watu maskini

Daftari lilipoanza kusema ukweli, ulikuwa ukweli mchungu. Kwa matibabu yale marefu, wengi mno walikuwa wanapotea. Ilibidi kufupisha muda.

Ujuzi wa kufupisha muda ulikuwa umetoka Afrika Mashariki yenyewe. Kuanzia 1970, watafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, wakiongozwa na Wallace Fox na Denis Mitchison, walifanya majaribio pamoja na madaktari na wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Walionyesha kwamba ukiongeza rifampisini au pirazinamidi katika dawa za zamani, miezi 6 inaweza kutosha. Wagonjwa wa nchi jirani zetu, ambao majina yao hayamo katika vitabu, ndio waliokubali kujaribiwa, na kwa njia yao dunia nzima ilifundishwa.

Lakini rifampisini ilikuwa ghali. Wataalamu wengi walisema si ya nchi maskini: itamaliza fedha, na kama watu wataimeza ovyo, vijidudu vitaizoea, na dawa bora itaharibika. Hofu hiyo haikuwa ya bure, na Styblo hakuipuuza. Jibu lake lilikuwa kwamba dawa itolewe kwa ulinzi. Tanzania ikaanza matibabu ya miezi 8 katika miaka ya 1980. Miezi 2 ya kwanza mgonjwa alipata dawa nne, pamoja na rifampisini, na kila dozi aliimeza mbele ya muuguzi. Miezi 6 iliyofuata alipewa dawa nafuu mbili, thiasetazoni na isoniazidi, azimeze nyumbani. Rifampisini haikuwahi kuwekwa mkononi mwa mtu asiyeangaliwa.

Mwisho wa miaka ya 1980 madaftari ya Tanzania yalionyesha kwamba karibu wagonjwa 8 kati ya 10 waliotibiwa hivyo walikuwa wanapona. Miji tajiri ya dunia ilikuwa na matokeo mabaya kuliko hayo. Malawi, Msumbiji, Benin na Nicaragua walifuata njia ileile.

Mwaka 1991 Styblo, Chum na wenzao wa Malawi na Msumbiji, pamoja na mtafiti Christopher Murray, walitoa hesabu ya gharama. Kila mwaka wa maisha uliookolewa uligharimu dola chache tu. Ile dawa iliyoitwa ghali ilikuwa katika tiba nafuu kuliko zote zilizojulikana. Benki ya Dunia ilisikia lugha hiyo. Mwaka huohuo China ilianza kutumia njia hii katika sehemu kubwa ya nchi yake. Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kifua kikuu kuwa dharura ya dunia nzima, na miaka michache baadaye likaupa mpango wa Tanzania jina fupi ambalo wauguzi wetu wote wanalijua: DOTS.

Ambayo hayakukamilika

Mtu anayependa hesabu za kweli hawezi kuandikiwa habari za sifa peke yake.

Wakati Tanzania inafurahia matokeo yake, UKIMWI ulikuwa umekwisha kuingia. Mtu aliyebeba kijidudu cha kifua kikuu maisha yake yote bila kuugua, sasa aliugua kwa sababu kinga yake imevunjika. Katika miaka ya 1980 na 1990 idadi ya wagonjwa nchini humo iliongezeka zaidi ya mara mbili. Styblo alikuwa ametumaini kuona ugonjwa unapungua mwaka hadi mwaka kama ulivyopungua Uholanzi. Haikuwa hivyo. Waliponywa wengi, lakini wapya walikuja wengi zaidi.

Thiasetazoni nayo ilileta huzuni. Utafiti uliofanyika Nairobi na kutolewa mwaka 1991 ulionyesha kwamba kwa watu wenye virusi vya UKIMWI dawa hiyo ilichoma ngozi vibaya, wengine wakafa. Ikabadilishwa na ethambutoli. Halafu, mwaka 2004, jaribio lililosimamiwa na Muungano uleule alioutumikia Styblo lilionyesha kwamba miezi 8 ya namna yake haishindi miezi 6 yenye rifampisini mwanzo mpaka mwisho. Leo dunia inatumia miezi 6.

Tena, njia yake ilimtazama zaidi mtu mwenye vijidudu vinavyoonekana katika makohozi, kwa sababu ndiye anayeambukiza. Watoto wadogo, ambao hawawezi kutoa makohozi, na wagonjwa wengi wa UKIMWI, ambao vijidudu vyao havionekani kwa hadubini, walikaa pembeni ya daftari miaka mingi. Vilevile wale wenye vijidudu vilivyozoea dawa. Mashine ya GeneXpert, iliyokubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010 na ambayo leo iko pia katika hospitali za Kongo, imesaidia kuwaona baadhi yao.

Lakini tuangalie makosa hayo yalijulikana kwa njia gani. Yalijulikana kwa sababu watu walifundishwa kufuata kila mgonjwa mpaka mwisho na kuandika kilichompata. Njia ya Styblo ilikuwa na uwezo wa kujisahihisha. Ni neema kubwa kwa kazi ya mwanadamu.

Karel Styblo alifariki mwezi Machi 1998, akiwa na umri wa miaka 76. Kijana aliyekuwa angekufa kwa kifua kikuu nyuma ya waya wa kambi aliishi kuona tiba yake ikifika katika vijiji ambavyo dunia ilikuwa imevisahau. Tangu mwaka 2000 matibabu ya kifua kikuu yameokoa makumi ya mamilioni ya watu duniani, na sehemu kubwa yao walipitia katika lile daftari.

Daftari katika milima ya Masisi

Sasa tuitazame nchi yetu. Kongo iko katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu. Nasi si wageni katika kazi hii. Zoni za afya zilipopangwa, Kanisa la Kristo, kupitia mradi wa SANRU ulioanza mwaka 1981, lilikuwa mkono mmojawapo wa kuzijenga, na mpaka leo vituo vingi vya afya vya mashariki ni vya makanisa yetu. Daftari la Styblo liko katika nyumba zetu.

Lakini Styblo alilitengeneza kwa nchi yenye amani. Masisi na Walikale tuna shida ambayo Tanzania haikuwa nayo: daftari linabaki mahali pamoja, mgonjwa anakimbia. Ameanza dawa Nyamitaba, milio ya bunduki inasikika juu ya malisho, usiku uleule yuko njiani kwenda Kitchanga au Mweso, au Sake, au Goma. Kadi imebaki katika nyumba iliyoungua. Katika daftari muuguzi ataandika kwamba mgonjwa ameacha dawa. Lakini yeye hakuacha dawa. Amefukuzwa. Na mahali alipofika, analala na watu wengine kumi chini ya turubai moja.

Shida ya pili ni ya kwetu wenyewe. Mtu akikohoa na kukonda, tunasema amelishwa sumu, amepewa karuho. Jirani anashukiwa, mke wa pili anashukiwa, mzee anafukuzwa kijijini. Mgonjwa anapelekwa kwa mtu wa kutapisha sumu, anamaliza mbuzi na fedha, na miezi inapita huku watoto wake wanavuta hewa ileile. Wengine wanafungiwa katika chumba cha maombi na kuambiwa kwamba kumeza vidonge ni kukosa imani. Maombi ni yetu na hatuyaachi. Lakini mtumishi anayemwondolea mgonjwa dawa yake anaandika jina lake katika nafasi ya waliopotea, na pengine ya waliokufa.

Kanisa linaweza kufanya kile ambacho daftari peke yake haliwezi. Kanisa linakimbia pamoja na watu wake. Karani wa sharika anajua nani yuko katika kambi gani, nani amefikia kwa shangazi yake Goma, nani amerudi. Basi haya yawe mambo ya kawaida kwetu. Aliyekohoa majuma mawili au zaidi apelekwe kituo cha afya atoe makohozi. Dawa za kifua kikuu hazilipiwi. Anayetumia dawa achague mshirika mmoja anayemwamini, atakayemwona akimeza kila siku na kubaki na nakala ya maandishi ya kadi yake. Safari ya kukimbia ikija, kadi na dawa viingie katika mfuko pamoja na Biblia. Akifika pengine, wachungaji wa huko wamsaidie kufika kituo cha karibu kabla dawa hazijaisha, na habari irudi kwa muuguzi wa nyuma kwamba hakupotea. Watoto wadogo wa nyumba hiyo wapelekwe pia, maana wao wanaweza kupewa dawa ya kuwakinga. Na mgonjwa asitengwe: akimeza dawa vizuri, baada ya majuma machache hatari ya kuambukiza wengine inashuka sana.

Maandiko yanatuonyesha kuhesabu kwa namna mbili. Mfalme Daudi aliwahesabu watu ili ajue nguvu zake, na hesabu hiyo ikaleta tauni juu ya Israeli. Mchungaji wa mfano wa Yesu alijua ni nani hayupo, akatoka kwenda kumtafuta. Tunapenda kutoa taarifa za namna ya Daudi: wabatizwa wapya wangapi, viti vingapi vimejaa, sadaka kiasi gani. Juma hili kila sharika ifanye hesabu ya namna ya pili. Wazee wakae chini, waandike majina ya washirika wote wanaokohoa, walioanza dawa, na walioondoka na vita hali wanatibiwa. Mbele ya kila jina waache nafasi. Kisha watoke.

Bwana awape nguvu wauguzi wetu wa Masisi na Walikale, wanaobeba madaftari yao mgongoni wakati wa kukimbia. Na atupe sisi moyo wa kutoridhika na tisini na tisa.